Chumba cha Mama Mkwe

Mama mkwe wake alipovunjika nyonga, Bwana Mita alisimama mbele ya ukoo wa mkewe, kwenye mabenchi ya kusubiria nje ya wodi, akasema maneno ambayo hakuna aliyemwomba aseme. Alisema mama akitoka hospitali hatarudi kuishi peke yake kwenye ile nyumba yake ya vizingiti na giza. Atakuja kukaa kwa binti yake, na yeye, Bwana Mita, kwa mikono yake miwili, atamjengea chumba.

Mikono hiyo miwili ilijulikana kwa kazi moja tu, nayo ni kufunua vifuniko vya mita za maji na kuandika namba zilizomo. Kazi hiyo ameifanya tangu ujana, mtaa baada ya mtaa, hadi jina lake la kuzaliwa likabaki kwa karani wa mishahara peke yake. Lakini siku ile aliongea kama mkandarasi. Shemeji yake, kaka wa mkewe, mfanyabiashara wa jumla wa unga na sukari, mtu mwenye gari la mizigo na nyumba ya ghorofa, alikohoa kidogo, akasema basi gharama wagawane nusu kwa nusu, maana mama ni wao wote. Watu wakaitikia kwa vichwa. Hata mkewe, ambaye tangu ajifungue mapacha hakuna aliyemwita vinginevyo ila Mama Pacha, alishusha pumzi.

"Nashukuru, shemeji," Bwana Mita akasema. "Lakini hili niachie mimi."

Mama Pacha, aliyeketi karibu yake, alimkanyaga mguu. Alipoona ujumbe haujafika, akamkanyaga tena kwa kisigino. Bwana Mita akausogeza mguu wake pembeni, akaendelea kutabasamu.

*

Bajeti waliipanga kesho yake, mezani, watoto wakiwa nje. Mama Pacha ni fundi cherehani. Mtu akimletea kitambaa hukitandaza kwanza, akakipima, ndipo aseme kama kitatoka gauni au kitaishia blauzi. Na hizo fedha alizitandaza vivyo hivyo. Kulikuwa na akiba ya mumewe kutoka chama cha wafanyakazi, na kulikuwa na zamu yake yeye ya kupokea kwenye mchezo wa kuchangiana wa kina mama. Kwa hizo, alisema, kinatoka chumba kimoja nyuma ya sebule, dirisha moja, mlango mmoja wa kutoboa ukutani, na sakafu isiyo na kizingiti ili mama apite na kigongo chake. Kisha akalitenga fungu dogo pembeni, akaliita la dharura, akalifunika kwa kiganja. Ilitosha. Ilitosha kwa kubana tumbo, lakini ilitosha.

Na ingeendelea kutosha kama Bwana Mita angekuwa na kazi ya ofisini. Bahati mbaya kazi yake ilikuwa kuingia kwenye nyua za watu. Kila siku alikuwa akiinama kwenye mita za watu waliojenga kumzidi, na akiinuka anaona kitu. Siku ya kwanza aliona dirisha la vioo vya kuteleza, pana, la kuingiza mwanga hadi uvunguni. Akarudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba mgonjwa anahitaji mwanga. Mama Pacha akakubali, kwa kuwa ni kweli, mgonjwa anahitaji mwanga. Wiki iliyofuata akaona chumba chenye bafu lake ndani, na ikawa mgonjwa anahitaji bafu. Baada ya hapo, kwa mstaafu mmoja, akaona baraza lenye nguzo mbili za mviringo. Hapo mkewe alimuuliza kama mgonjwa anahitaji nguzo.

"Maadamu fundi yuko hapo hapo," alijibu.

Hayo maneno, hapo hapo, ndiyo yaliyommaliza. Fundi yuko hapo hapo, mchanga uko hapo hapo, kuongeza hatua mbili tatu ni gharama ndogo tu. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mpole mwenye kofia ya sufu isiyovuliwa hata kwenye jua, na alikuwa hana tabia ya kumkatalia mteja. Ukimwambia dirisha, anasema inawezekana. Ukimwambia bafu, anasema inawezekana. Lililokuwa halimhusu ni nani atalipa ili iwezekane.

Msingi ndio uliokula fedha. Upande wa nyuma, pale bafu lilipotakiwa kukaa, ardhi ilikuwa laini kama uji, shimo la taka la miaka ya nyuma, na kila walichomwaga kilizama na kuomba kingine. Kuta zikapanda kwa fedha zilizobaki, zikafika usawa wa linta, pale juu ya madirisha, zikasimama hapo. Wakati huo Bwana Mita alikuwa ameshaagiza ukuta wa sebule utobolewe mapema, ili wageni waone mradi unavyoelekea. Tundu lilikuwa kubwa, la kupitisha kitanda. Fundi aliangalia tundu, akaangalia mfuko wa saruji uliokuwa mtupu, akasema amepata kakazi kadogo upande wa pili wa mji, bosi akiwa tayari ampigie simu. Akaondoka na ngazi yake.

Walifunika tundu kwa turubai la buluu.

*

Mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi alimfahamu Bwana Mita vizuri, kwa kuwa mita ya duka iko kwenye ratiba yake. Siku za kusoma mita, humkaribisha kwa heshima na hata kumpa soda. Siku hii alimkaribisha pia, akamwonyesha stuli karibu na mabomba ya plastiki, akaendelea kuhudumia watu. Akahudumia waliomtangulia, akahudumia waliokuja baada yake, akapiga simu, akahesabu risiti. Bwana Mita alisoma maelezo ya kopo la rangi mpaka akayajua.

Mwishowe duka likiwa limejaa tena, mama yule akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeita mnada, kama leo amekuja kwa mambo ya maji au kwa mambo ya saruji. Bwana Mita akasogea karibu, akanong'ona kuhusu mabati na mbao, na kuhusu kulipa mwisho wa mwezi. Mama yule hakunong'ona. Alisema baba, mwisho wa mwezi huo anaujua, una miguu, unatembea. Alisema bila ubaya, na wateja walicheka bila ubaya, na Bwana Mita naye akacheka nao ili asiwe peke yake asiyecheka. Kisha, kwa kuwa mtu hawezi kukaa dukani muda wote ule akatoka mikono mitupu, alinunua nusu kilo ya misumari ya bati.

Nyumbani Mama Pacha aliipokea ile misumari, akaigeuza geuza kwenye kiganja, akauliza bati liko wapi.

"Misumari imeshuka bei," Bwana Mita akasema, akaingia kuoga.

Wakati bado yuko bafuni, simu ya hospitali ikaingia. Mama anaendelea vizuri kuliko walivyotarajia. Anaruhusiwa Ijumaa.

*

Wakampa chumba chao. Hapakuwa na la kujadili. Bwana Mita na mkewe wakahamishia godoro lao sebuleni, hatua chache kutoka kwenye turubai, ambalo upepo ukivuma hujaza tumbo na kunywea kama linalopumua. Mama mkwe aliletwa na gari la mizigo la mwanawe, ameketi mbele, kigongo cha chuma cha miguu minne kikiwa nyuma juu ya magunia. Alikuwa mwanamke mwembamba, aliyefanya kazi ya ukunga maisha yake yote, na alikuwa na namna ya kumtazama mtu mzima kama anakisia alizaliwa na kilo ngapi.

Alisimama katikati ya sebule akalitazama turubai. Shemeji alilitazama. Bwana Mita akatangulia kusema kwamba mafundi wameomba mapumziko mafupi, saruji ikauke, na wanarudi Jumatatu.

"Pazia zuri," mama mkwe akasema. "Halina haja ya kupigwa pasi."

Jumatatu ikaja ikapita. Hakuuliza, na kutouliza kwake kulimtesa mkwewe kuliko maswali. Jumatatu nyingine ikaja. Akaanza kuwaita "wale mafundi wetu wa Jumatatu", kwa upole, kana kwamba ni ndugu wa mbali walioahidi kutembelea. Mapacha walimpenda kuanzia siku ya kwanza. Walikuwa wakigombea kumshikia kigongo, na yeye aliwapa zamu kwa haki, mmoja asubuhi mmoja jioni. Bwana Mita peke yake ndiye aliyekuwa akimkwepa. Alitoka mapema kusoma mita ambazo bado hazijafika tarehe, akarudi akiwa na hakika amelala. Siku moja alimkuta macho, ameketi kitandani, mlango wazi.

"Baba, hebu niambie. Chumba changu kitakuwa na madirisha mangapi?"

Bwana Mita alisimama wima kama mwanafunzi. Akasema mawili, mama, na moja dogo la bafuni.

"Matatu." Alifikiri kidogo. "Na mimi nina macho mawili, moja lenyewe lina mtoto wa jicho."

Akamtakia usiku mwema.

*

Nyumba ikishakuwa na mgonjwa na watoto na turubai, wanandoa hawana pa kugombania. Jumamosi hiyo Bwana Mita na Mama Pacha waliinua turubai wakaenda kugombana kwenye chumba kipya, katikati ya kuta nne, majani yakiwa yameanza kuota kwenye sakafu ya udongo. Bwana Mita alikuwa na wazo. Kazini wanatoa mkopo wa kukatwa kwenye mshahara. Angechukua mkubwa, amalize kila kitu kwa mpigo mmoja, na baraza lake, walipe polepole. Mama Pacha akauliza polepole ni mpaka lini. Alipotajiwa, alihesabu kwa vidole, akasema wakati huo mapacha watakuwa wameolewa, na ada yao ya shule kati ya leo na siku hiyo atailipa nani, fundi?

Bwana Mita akasema hataki aonekane mtu wa kuanza na kushindwa. Akasema anamjengea mama wa mkewe, si mama wa mtu mwingine, angalau angetiwa moyo.

"Chumba ni cha mama yangu, sawa," Mama Pacha akasema. "Lakini baraza, Baba Pacha, hilo baraza ni la kaka yangu. Unataka aje asimame hapo nje aone nguzo."

Mumewe alitamani kukana, na kama angeambiwa na mtu mwingine angekana. Walichosahau wote wawili ni kwamba chumba hakikuwa na paa. Kuta zile ziliyachukua maneno yao zikayarusha juu, yakaenda moja kwa moja kushukia dirisha la chumba cha kulala, ambako mama mkwe alikuwa akiwasuka mapacha nywele. Mapacha wakaacha kucheka. Bibi yao akawaambia wageuze vichwa, bado upande wa kushoto.

*

Mvua ilikuja siku mbili baadaye, saa ya chakula cha jioni, na upepo wa kusukuma. Turubai lilipinga kwa muda, kisha kona moja ikachomoka, halafu nyingine, na lote likaruka likaenda kung'ang'ania uzio wa jirani. Maji yakaingia sebuleni kama yaliyokuwa na funguo. Godoro likalowa kabla mtu hajalishika. Mama Pacha alibeba cherehani yake kichwani akaipandisha mezani, mapacha wakakimbilia kitandani kwa bibi yao, Bwana Mita akashika ufagio akaanza kuyarudisha maji kule yalikotoka, na maji yakawa yanamzunguka miguu yanaendelea na safari.

Alipoinua macho alimwona mama mkwe mlangoni. Ameshika kigongo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ameshika kitambaa cha kudekia. Mguu wa kigongo ulikuwa tayari majini, unateleza.

"Kaa chini!" Bwana Mita alifoka. "Nimesema kaa chini, unataka kuvunjika tena?"

Mikono ya Mama Pacha ikasimama juu ya cherehani. Tangu ndoa yao, mumewe hakuwahi kumsemesha mama mkwe bila kwanza kuinamisha kichwa. Mama mkwe akamtazama. Kisha akarudi nyuma, polepole, akaketi ukingoni mwa kitanda kama alivyoamriwa.

"Leo ndiyo umeniambia jambo la kweli tangu nije," akasema. "Ongeza lingine."

Bwana Mita aliegemea ufagio. Suruali imekunjwa magotini, maji yanamtiririka puani. Akasema. Akasema fedha zimekwisha, zimekwisha muda mrefu, kwamba hakuna fundi wa Jumatatu, kwamba fundi yuko kwenye kazi ya mtu mwingine na anastahili. Akasema msingi ulikula nusu, na ubishi wake ukala nusu iliyobaki. Alidhani akishayasema hayo ataanguka. Hakuanguka. Mvua iliendelea kunyesha, na pacha mmoja akauliza kama wanaweza kula wakiwa kitandani.

Mama mkwe akasema wanaweza. Kisha akamwambia mkwewe kwamba yote hayo aliyajua siku aliyofika, kwa kuwa kwenye uwanja mzima hapakuwa na hata jembe la fundi. Alichotaka kujua ni kwa nini alikataa ile nusu ya mwanawe. Bwana Mita akatazama maji. Jibu alilokuwa nalo lilionekana la kitoto hata kwake.

"Nenda kamwambie," mama mkwe akasema. "Mimi ningeweza kumpigia simu sasa hivi, nimemzaa. Lakini nikiomba mimi, ataleta, na wewe utakaa humu ndani kama mpangaji. Nenda mwenyewe."

*

Shemeji alikuwa akiishi chini ya nyumba yake ya ghorofa, katikati ya magunia. Bwana Mita alikuwa ameiona nyumba hiyo mara nyingi kwa mbele, kuta ndefu zenye rangi ya krimu na geti la chuma, na kila alipoiona alihisi mgongo wake unapinda. Hotuba yake alikuwa ameipanga njiani. Alipofika aliisahau yote, akasema tu kwamba ameshindwa, na kwamba kama ile nusu bado ipo, ameifuata.

Shemeji hakucheka. Alifunga droo ya mauzo, akamwita amfuate. Walipanda ngazi za zege zisizo na kishikio. Juu hapakuwa na nyumba. Palikuwa na sakafu, nguo zilizoanikwa, dimbwi la mvua ya juzi, na nondo zilizosimama kuelekea mbinguni zikiwa zimeota kutu. Kuta za mbele, zile za krimu, zilikuwa ukuta mmoja tu, wa upande wa barabarani, wenye madirisha yasiyo na kitu nyuma yake.

"Mwaka wa sita huu," shemeji akasema. "Kila Januari nawaambia watu mwaka huu naezeka."

Bwana Mita alitembea hadi kwenye dirisha moja, akachungulia barabara, akarudi. Akauliza kama mama anajua. Shemeji akasema mama amekatazwa ngazi tangu zamani, kwa ajili ya afya yake.

"Nikuambie kitu, shemeji? Siku ile pale hospitali, niliposema nusu kwa nusu, nilikuwa naomba Mungu ukatae. Ulipokataa nilitaka kukukumbatia."

Bwana Mita alimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Kicheko kilianzia kwa mmoja, haijulikani nani, kikawashika wote wawili, wakacheka wameshikilia nondo, mpaka mteja huko chini akaita kuuliza kama duka limefungwa.

Fedha taslimu hazikuwepo. Biashara ilikuwa ya mwezi kwa mwezi, na madeni ya wateja hayafungwi kwenye gunia. Lakini chini ya ngazi, nyuma ya maboksi, yalikuwepo mabati yaliyonunuliwa siku za neema kwa ajili ya ghorofa hii. Mengine yalikuwa yameanza kupata madoa. Shemeji aliyapangusa kwa kiganja, akasema yachukuliwe yote, kwa vile hapa yanasubiri paa ambalo hata lenyewe halijui litakuwa wapi. Na Jumamosi, gari na mikono yake ni bure.

*

Jumamosi fundi alikuja na kofia yake ya sufu. Mama Pacha ndiye aliyemwita, na ndiye aliyemlipa malipo ya kwanza na kununua mbao za kenchi za kubebea paa, kwa lile fungu la dharura. Bwana Mita alishangaa kuona bado lipo. Alikuwa ameamini liliingia kwenye msingi pamoja na mengine.

"Ulilitaka mara tatu," mkewe akamkumbusha. "Ningekupa ungeligeuza dirisha."

Fundi akayapanga mabati uwanjani, akapima, akaenda kupima kuta, akarudi. Akakuna kofia. Yale mabati, alisema, yanafunika chumba. Bafu hayafiki. Baraza ndiyo kabisa. Labda bosi aongeze kidogo, inawezekana. Watu wote uwanjani wakamgeukia Bwana Mita: mkewe, shemeji akiwa na vumbi la bati hadi kwenye nyusi, mama mkwe kwenye kiti alichowekewa kivulini na mapacha wakiwa wamemkalia pande zote. Bwana Mita aliutazama ukuta wa bafu. Ulikuwa ukuta mzuri, umenyooka. Aliusimamia mwenyewe kila tofali.

"Punguza," akasema.

Fundi akauliza amesemaje. Labda hakusikia, labda kwa miaka yake yote ya kazi neno hilo lilikuwa halijamfikia.

"Bomoa bafu. Tofali zake zisafishwe, zizibe mlango wa kuingilia bafuni. Dirisha kubwa lizibe nusu. Nguzo achana nazo."

Walibomoa asubuhi nzima. Kubomoa kuna kelele kuliko kujenga, na mtaa mzima ulipata sababu ya kupita. Wa kwanza kuuliza kulikoni, Bwana Mita alimjibu kwamba wanafanya marekebisho ya kitaalamu. Wa pili alimwambia wamebadilisha ramani. Jua lilipokuwa kali na mikono imeshaota malengelenge, akapita yule mama wa duka la vifaa, akasimama, akauliza kwa ile sauti yake kama wameghairi kujenga.

"Hela imeisha, mama," Bwana Mita akamwambia akiwa ameshika tofali. "Tunapunguza."

Mama yule alikuwa amejiandaa kwa jibu refu. Akabaki amesimama kidogo, akasema pole na kazi, akaenda zake. Baada yake hakuna aliyeuliza tena. Kutoka kivulini mama mkwe aliomba apewe nyundo ndogo, akawa anagongagonga saruji iliyokauka kwenye tofali, akizikagua moja moja na kuziweka mguuni pake kama watoto waliozaliwa salama.

*

Chumba kilipoisha kilikuwa chumba. Sakafu ya saruji, kuta zilizopigwa plasta upande wa ndani tu, dirisha moja na nusu. Nje palibaki msingi wa baraza, ukingo mfupi usiobeba kitu, ambao mapacha waliupata haraka wakaufanya jukwaa. Mama mkwe alihamia siku ya Jumapili. Walipotaka kuweka kitanda chake chini ya dirisha, akakataa, akataka kikae karibu na mlango wa sebule. Kule hospitali, alisema, alikuwa na dirisha zuri sana, na kutwa nzima hakusikia sufuria hata moja ikifunikwa.

Alasiri akamwita mkwewe. Bwana Mita akaja, akaketi kwenye kiti kwa ncha, mikono magotini, mgongo umenyooka, kama anavyoketi mtu mbele ya mama mkwe. Akamwambia deni la fundi limebaki kidogo, litaisha mwezi ujao. Akasema mwezi ujao wa kweli. Akasema bafu, Mungu akipenda, baadaye. Mama mkwe akamwambia alipoambiwa pale wodini kwamba anajengewa chumba chenye bafu lake na baraza lake, hakulala siku ile. Aliona anajengewa mahali ambapo mtu hatakuwa na sababu ya kumkuta.

"Nilijua unanipenda, baba," akasema. "Niliogopa unanipenda mpaka utaniweka mbali."

Hakusubiri jibu. Akahamia kwenye hadithi ya mtoto mmoja aliyemzalisha zamani, aliyekataa kulia hadi alipopakwa maji baridi, ambaye sasa ni hakimu. Ilikuwa hadithi ndefu yenye majirani wengi. Mgongo wa Bwana Mita ukaanza kuegemea kiti. Mikono ikateleza kutoka magotini. Kwa miezi kadhaa hakuwa amelala usingizi wa kushiba, na chumba kilikuwa na ubaridi wa saruji mpya, na sauti ilikuwa inatiririka bila kumdai chochote. Hadithi ilipofika pale hakimu anapolia, kichwa kilikuwa kimelala nyuma, mdomo wazi, anakoroma mbele ya mama mkwe wake.

Mama mkwe aliimalizia hadithi yake hata hivyo, kwa sauti ya chini. Nje ukasikika mlio wa gari la mizigo, na sauti za shemeji na wake za wajomba waliokuja kuona chumba. Mama Pacha akawaleta mpaka mlangoni, akachungulia, akaweka mkono mdomoni. Mama mkwe alinyoosha kigongo chake, akakiweka kwenye ubao wa mlango.

"Rudini baadaye," akawaambia. "Mwenye nyumba amelala."

Akausukuma mlango taratibu kwa mguu wa kigongo mpaka ukafunga.